Mgeni Aliyeshika Bomba

Kabla sijaolewa na polisi niliambiwa mengi kuhusu polisi: kwamba wanalewa, wanahamishwa kama mbuzi wa mnada, wanapiga wake zao kwa mkanda wa serikali. Hakuna aliyeniambia kwamba siku moja nitasimama nje ya choo cha mabati pale Kisugu, Kampala, ndoo mkononi, nikimsikiliza polisi mzima akimwomba maiti ruhusa ya kukojoa.

"Niachie kidogo tu," Ongom alikuwa anasema mle ndani. "Kidogo, ndugu yangu. Yako si nilikupa asubuhi?"

Kimya. Halafu tone. Halafu tone lingine, kama bomba bovu. Halafu mzee wangu akavuta pumzi kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Nikagonga bati. "Afande, mkutano wenu ukiisha mnipe nafasi. Na mimi nina kibofu."

"Nakhisa, usicheke na hiyo mambo," akajibu. "Anasikia."

Mimi na Lawrence Ongom tulioana kwa Kiswahili. Mimi ni Mbukusu wa Kenya, nilivuka mpaka wa Malaba na gunia la vitunguu. Yeye ni Mwacholi wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, aliyelikagua lile gunia kwa muda mrefu kuliko vitunguu vilivyostahili. Kiswahili chake ni cha kambi. Kwake kila kitu ni "hiyo". Mbuzi ni hiyo, serikali ni hiyo, na mimi mwenyewe siku ya hasira ni hiyo. Lakini aliposema "anasikia" sikuwa na la kusahihisha, maana nilijua anamsema nani.

Vita vilipoingia Kampala, Januari ya themanini na sita, mimi sikuwepo. Nilikuwa kwetu Kimilili nimekwenda kumzika mama, barabara zikafungwa, nikabaki huko na watoto. Ongom alikuwa peke yake katika nyumba ya polisi kule Nsambya, sare yake ameifukia kwenye gunia la mkaa. Jeshi lililokuwa linashindwa lilipita uani likikimbilia kaskazini. Mtu mmoja akabaki nyuma. Aligonga mlango wa uani, akasema kwa Kiacholi, kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri, kwamba ameumia na anaomba maji. Ongom alikuwa na mtungi umejaa. Hakufungua. Wakati ule ukifungulia mmoja hujui wangapi wamesimama nyuma yake.

Kulipokucha alimkuta yule mtu amelala chini ya bomba la kambi, mkono bado umeshika koki. Na lile bomba lilikuwa kavu tangu vita vianze.

Sasa, kwao Acholi ukikuta maiti njiani hupiti hivi hivi. Unachuma jani, hata moja, unamfunika nalo, ndipo unaendelea na safari yako. Ukipita bila jani, roho yake inakufuata. Wanaiita cen. Ongom alipita. Risasi zilikuwa zinalia, na mtu anayekimbia hachumi majani. Aliporudi jioni na tawi mkononi, lori lilikuwa limekwisha kubeba maiti, na mpaka leo hakuna anayejua lilikwenda kuwamwaga wapi.

Hayo aliniambia niliporudi, na aliniambia mara moja tu. Kumbe hakuniambia yote. Tutafika.

Haikupita miaka miwili moto ukaanza. Siku ya kwanza alitetemeka mpaka kitanda kikatembea. Alisema anakojoa pilipili. Maumivu yalikaa chini kabisa, kati ya mbele na nyuma, mahali ambapo mtu mwenye heshima hapataji mbele ya wakwe. Nikaenda duka la dawa nikaleta vidonge vya rangi mbili. Wakati huohuo mjomba wake, mzee Opoka, akaja kutoka kaskazini na yai la kuku, maana kwao mtu aliyetoka mahali pabaya hukanyaga yai mlangoni ili asiingie na uchafu wa huko. Ongom akameza vidonge, akakanyaga yai. Wiki ileile homa ikashuka.

Sifa zote zikaenda kwa yai.

Vidonge vilivyobaki akavitia kwenye kopo, akiba ya siku nyingine. Na siku nyingine ilikuja, kila msimu ilikuja. Moto ukipanda anafungua kopo, anameza viwili vitatu, unashuka. Akijiona mzima anafunga kopo. Ulishuka, haukuzimika. Mimi ni mpika mukene, nauza samaki wadogo wa kukaanga, najua tofauti ya moto uliozimwa na moto uliofunikwa jivu. Lakini nani angenisikiliza? Yeye alikuwa na maelezo yake, na ukiyatazama yalikuwa na akili. "Yule mtu aliniomba maji nikamunyima," alisema. "Sasa ameshika bomba yangu. Ni haki yake."

Kwa hiyo kila asubuhi alimimina kikombe cha maji kizingitini, cha mgeni. Yeye mwenyewe alikunywa kidogo sana, kama ndege, ili asiwe na haja ya kwenda kubembeleza kule chooni.

Miaka ikapita hivyo. Alistaafu, tukahamia vyumba viwili vya Kisugu, na yule mgeni akahama nasi bila kubeba hata mkeka. Nilimcheka, ndiyo. Nilimwita mpangaji wetu asiyelipa. Lakini nitasema ukweli, alianza kuniingia na mimi. Nilikuwa simwagi maji ya moto nje bila kukohoa kwanza. Nikienda bomba la mtaa nikakuta hakuna foleni, nilisimama kidogo kabla ya kutega ndoo, kama kuna mtu mbele yangu ambaye hajamaliza. Na saa za mchana, nyumba imetulia, nilisikia tone likianguka mahali, nikatafuta sufuria inayovuja, nisione.

Mwaka wa ule mkutano mkubwa wa wakuu wa nchi, elfu mbili na saba, Kampala ilipopakwa rangi mpaka kwenye kingo za barabara, nilifua suruali yake nikaona damu.

Nilimpeleka hospitali ya mlimani kwa kumdanganya kwamba magoti yangu yananiuma. Tulipofika ndani nikamwambia daktari, "Magoti yenyewe ni haya," nikamsukuma Ongom mbele. Daktari alikuwa mama wa Kikongo kutoka Butembo, Kahambu jina lake, mpole, mwenye vidole virefu. Vidole nimevitaja kwa sababu. Alimpima kwa njia iliyomfanya Ongom atoke nyuma ya pazia uso umebadilika, kama mtu aliyevuliwa cheo.

"Usiseme kitu," akaniambia.

"Sijasema, afande. Nimepiga saluti tu."

Tuliporudi kwa majibu ya damu, daktari akavuta kiti karibu. "Papa Ongom, hiyo moto iko ndani yako tangu lini?"

"Tangu themanini na saba."

"Miaka yote hiyo?" Akahesabu kwa vile vidole virefu. "Papa, wewe ulikuwa polisi. Mtaa ukivamiwa, askari wanaletwa, si ndiyo? Wanapigana na adui, halafu wanarudi kambini. Mwili nao uko vile. Uliingiwa na wadudu kwenye tezi dume, pale chini ya kibofu, mwili ukatuma askari wake. Ndiyo ule uvimbe, ndiyo ule moto. Lakini kwako vita haikuisha vizuri. Wadudu labda walikufa zamani, labda walijificha. Askari hawakurudi. Wamekaa mle miaka ishirini, wanafyatua tu. Wanabomoa nyumba za raia, mwili unajenga upya, wanabomoa, unajenga. Na fundi anayejenga kwa haraka kila siku, siku moja anakosea tofali. Hilo tofali baya likianza kuzaa mengine bila kumwuliza mtu, hiyo ndiyo kansa."

Ongom alikuwa anamtazama mdomoni. Mimi ndiye niliyeuliza. "Kwa hiyo ni moto uliomletea kansa?"

"Huenda, Mama. Wachunguzi wanashuku sana. Wanaona chembe zilizoharibika zimekaa palepale penye moto wa zamani. Lakini kuna wanaume wana moto huo maisha yote na kansa hawapati, na wengine wanapata bila moto. Na kwa Papa hata sijui kama anayo. Kipimo cha damu kimepanda, ila moto peke yake unaweza kukipandisha. Kwa hiyo nataka nichukue vipande vidogo kwa sindano, tuviangalie. Kama ni kansa na bado imekaa ndani ya tezi, tunaweza kupigana nayo. Ikitoka, ikaingia mifupa, mimi nitabaki kukupunguzia maumivu tu. Msikae sana."

Ongom akasimama, akavaa kofia yake.

"Dokta, wewe umeongea juu ya askari mingi," alisema kwa heshima. "Mimi najua iko moja tu."

Akatoka.

Nyumbani nilimwekea chakula, akakiangalia. "Ukimuchoma sindano pale anakaa," akasema mwishowe, "na hajasamehe, atafunga bomba kabisa. Nitapasuka kama kibuyu."

"Nani atasamehe, afande? Amekufa."

"Watu yake."

"Watu wake ni nani?"

"Hata jina yake sijui."

Akasukuma sahani. Nilitazama mikono yake, nikaona jinsi saa ilivyokuwa inamlegea. Daktari alikuwa amesema msikae sana, na huyu alikuwa amekaa tayari, amejikunja kwenye kigoda chake kama mtu anayengoja kuitwa.

Nilimwimbia, nikamtukana, nikamletea katekista. Hakusogea. Basi nikasema, kama ugonjwa unataka ndugu wa maiti, mimi nitamtafutia maiti ndugu.

Kule mtaa wa Kyebando kulikuwa na mama mmoja Mwacholi, Akwero, msaga simsim, yaani ufuta. Tulikuwa tunabadilishana, mimi mukene, yeye simsim. Alikuwa mtu wa maneno machache, uso mkavu, na nilimchagua kwa sababu hiyo: mwongo mzuri ni yule asiyecheka. Nilimweleza shida yangu yote akiwa anakoroga kwenye beseni. Vita, Nsambya, mlango wa uani, maji, bomba kavu, jani. Nikamwambia, "Njoo useme wewe ni dada wa yule mtu. Mnyunyizie maji, msamehe, mwambie aende hospitali. Basi."

Mwiko wake ukasimama katikati ya beseni.

"Aliongea vizuri?" akauliza. "Hakutukana mlango?"

"Mzee anasema kwa adabu kabisa."

Akakoroga tena. "Nitakuja Jumapili baada ya misa."

"Chagua na jina, asije akakubana. Ni polisi yule."

"Jina iko," akasema. Mimi nikajipongeza moyoni: kumbe mama huyu anapenda maigizo.

Jumapili alikuja na tawi la olwedo, ule mti ambao majani yake ndiyo wanayobarikia kwao. Nilikuwa nimemwambia Ongom kwamba nimeulizauliza sokoni mpaka ndugu wa marehemu wamepatikana, na nikaomba waongee Kiswahili kwa heshima yangu. Ukweli ni kwamba nilitaka kuusimamia mchezo wangu. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, jua limejaa ndani. Akwero akakaa mkekani. Ongom akakaa kwenye kigoda chake, taratibu, kwa upande, jinsi alivyokuwa amejizoeza kukaa.

Na ile sauti yake ya kituoni, ambayo sikuwa nimeisikia tangu astaafu, ikatoka. "Mama, watu wengi walipotea ile wakati. Mimi nitajuaje hiyo yangu ni yako? Alikuwa na alama gani?"

Alama hatukuzipanga. Nikafungua mdomo niseme chai iko tayari.

"Alama sijui ilibaki gani," Akwero akasema. "Mimi najua tabia tu. Mama yetu alikuwa mukali. Kaka hakuingia nyumba ya mutu na viatu, hata nyumba ya udongo, hata mvua ikimufukuza. Atavivua nje, ataviweka pamoja, vidole vinaangalia njia. Kama aligonga kwako, aligonga miguu wazi."

Viatu havikuwemo katika maneno niliyompa. Nilitaka kukohoa, nikageuka nimtazame Ongom kama ameshtukia uongo wetu.

Uso wake ulikuwa umeanguka wote.

Aliinuka, akaingia chumbani. Tukasikia sanduku likiburutwa kutoka chini ya kitanda. Alirudi na kitu kimefungwa kwenye gunia, akakifungua mbele ya yule mwanamke: jozi ya mabuti ya jeshi.

Yale mabuti niliyajua. Niliporudi kutoka Kimilili alikuwa anayavaa, akasema ni mgao wa serikali. Aliyavaa kazini miaka, na kila Jumamosi mimi ndiye niliyeyapiga rangi. Mkono wa kushoto nilikuwa nautia ndani ya kiatu mpaka kwenye vidole, ili kisitikisike, huku wa kulia unasugua. Nilikuwa naimba nikisugua. Na mara nyingi, nasema niliyoyaona, nilikuta ndani mna ubaridi, hata yakiwa yameshinda juani.

"Vilikuwa mulangoni," Ongom akasema. "Vimepangwa. Yangu ilikuwa imeisha soli. Nilitoka, nikamuona kule kwa bomba, nikaona viatu hapa." Akayasukuma mabuti mbele kidogo. "Nilivaa viatu yake, nikamuruka."

Mtaani mtoto wa jirani alikuwa anafukuza kuku.

Akwero alichukua kiatu kimoja, akatia mkono ndani mpaka kwenye vidole, kama nilivyokuwa nafanya mimi. Akauacha humo muda mrefu. Hakulia. Halafu akachovya olwedo kwenye kikombe cha maji, kile cha mgeni, akamnyunyizia Ongom miguu, magoti, na pale tumboni chini. Kikombe chenyewe akampa.

"Kunywa."

"Hiyo ni ya—"

"Kunywa yote. Yeye amekwisha kunywa."

Akanywa. Sikuwa nimemwona anamaliza kikombe cha maji tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Yalimtiririka kidevuni kama mtoto.

"Sasa sikia," Akwero akasema, na hapo tu ndipo akarudi kwenye maneno niliyomfundisha, ingawa alivyoyasema hayakuwa yangu tena. "Hospitali utaenda. Sisi tuna adabu, hatukai ndani ya muzee wa watu kama kunguni. Kama kuna kitu inakula wewe huko ndani, hiyo si kaka yangu. Waitoe."

Nilimsindikiza mpaka njia panda. Alikuwa ameyakumbatia mabuti kwapani, bila gunia.

"Akwero, habari za viatu ulizijuaje?"

"Sikujua."

"Lakini umesema!"

"Nimesema habari ya kaka yangu. Alitoka nyumbani na jeshi, hakurudi ile mwaka. Hakuna mutu alituambia alianguka wapi."

Nilisimama. "Sasa, ndiye?"

Akatazama mabuti. "Huenda," akasema. "Wanaume wanaovua viatu ni wengi." Akaenda zake kwa miguu, kuelekea huko Kyebando, na niliona watu wa njiani wanampisha.

Ongom alikwenda mlimani Jumatatu. Alilala upande kama alivyoambiwa, akachomwa, akatoka akitembea kama bata, na bomba halikufungwa. Lilitoa damu kidogo, daktari akasema ni kawaida, akamwamuru anywe maji mengi. Majibu yalipokuja, mama Kahambu alitufungia mlango.

"Ni kansa," akasema. "Lakini bado iko ndani ya tezi. Na moto wa zamani nimeukuta palepale, vimekaa ukuta kwa ukuta."

"Nani alihamia wa kwanza?" nikauliza.

Akatikisa kichwa, akatabasamu kwa uchovu. "Mama, unataka niape. Siwezi kuapa."

Alipelekwa kupigwa mionzi hospitali kubwa, akachoka, akakonda, akaapa kwamba mimi na Wakongo tumekula njama. Na dawa za ule moto safari hii alimeza zote mpaka ya mwisho, mimi nimesimama juu yake kama mkuu wa kituo, lile kopo la akiba nimekwisha kulitupa. Vipimo vikashuka. Daktari bado anamwita kila baada ya muda, na kila akimwita hatulali. Lakini yuko. Anakojoa kama wazee wote, kwa subira, bila kuongea na mtu.

Akwero alituma salamu kwamba mabuti yamezikwa kwao Kitgum, ubavuni mwa kaburi la mama yake, vidole vikitazama nyumba.

Ongom ameacha kumimina maji kizingitini. Anasema hiyo mambo imeisha. Kwake, huenda imeisha. Mimi Jumamosi mkono wangu wa kushoto, ule wa kiatuni, bado unapata baridi, kuanzia vidoleni mpaka kwenye kifundo, hata nikiwa nimeuweka jikoni karibu na kikaango. Kwa hiyo asubuhi, kabla hajaamka vizuri, nachukua kikombe nakwenda mlangoni.

Juzi alinikuta. "Nakhisa, unafanya nini?"

"Naua vumbi, afande."

Alitazama pale palipolowa, akanitazama mimi, hakucheka. Halafu akainama taratibu, akavua viatu vyake, akavishika mkononi, akapavuka.